Holmes wa 1985 angekutana na Tyson wa 1986, nani angeshuka ulingoni na mkanda?

#1 Kamba_ya_Nne
Wakuu, habari za jioni.

Juzi nimeangalia tena pambano la Mike Tyson na Larry Holmes, mabingwa wa ngumi za uzito wa juu wa vizazi viwili, la tarehe 22 Januari 1988. Mwisho wake kila mtu anaujua: raundi ya nne, Holmes chini mara tatu, refa akamaliza. Tangu siku hiyo watu wanalitumia kama ushahidi kwamba Holmes hakuwa na lolote mbele ya Tyson. Mimi nakataa.

Holmes yule alikuwa na miaka 38 na hakuwa amegusa ulingo tangu Aprili 1986. Miezi 21 amekaa nyumbani Easton, Pennsylvania, anakula maisha ya mstaafu. Tyson alikuwa na miaka 21, na mwaka 1987 pekee alikuwa amepanda ulingoni mara nne.

Sasa turudishe saa nyuma. Septemba 1985 Holmes yuko na rekodi safi ya 49-0 (kashinda 49, hajapoteza), anapigana na Michael Spinks, anapoteza kwa pointi. Tufanye majaji walimpa yeye. Anabaki na mkanda, anabaki na mazoezi. Halafu Novemba 1986, badala ya Tyson kupewa Trevor Berbick aliyekuwa bingwa, anapewa Holmes aliye moto. Mzee ana miaka 37, kijana ana 20.

Nasema Holmes anashinda kwa pointi. Jebu yake, ile ngumi ya haraka ya kunyooka ya mkono wa kushoto, ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kuona kwa mtu wa uzito wa juu. Leteni hoja.

#2 Mpenda_Hesabu
Mkuu, kabla hatujaenda mbali, rekodi yake alipokutana na Spinks ilikuwa 48-0. Hiyo 49-0 ni ya Rocky Marciano, bingwa wa zamani, na ndiyo Holmes alikuwa anaifukuzia usiku ule. Ameikosa kwa pambano moja.

Hoja yako naielewa lakini hesabu zinakukataa. Spinks alipanda kutoka uzito wa chini, ndiye bingwa wa kwanza wa lightheavy (uzito wa chini kidogo ya uzito wa juu) kuchukua mkanda wa uzito wa juu. Holmes alikaa naye raundi 15 mwaka 1985 na nyingine 15 Aprili 1986, jumla 30, na mara zote akatoka amepoteza. Tyson alimmaliza Spinks huyohuyo Juni 1988 kwa sekunde 91.

Ongeza Berbick. Mwaka 1981 alimaliza raundi 15 na Holmes akiwa wima. Kwa Tyson alidumu raundi mbili, na ile ngumi ya mwisho ilimwangusha, akainuka akaanguka, akainuka tena akaanguka.

#3 Kibonge_wa_Mabibo
Umemaliza #2. Uzi ufungwe.

#4 Kamba_ya_Nne
Haufungwi mkuu, kaa chini. Nashukuru kwa marekebisho ya 48-0, nimekosea.

Lakini hesabu ya "A kampiga B, B kampiga C" haijawahi kufanya kazi kwenye ngumi. George Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Ken Norton naye raundi mbili. Frazier na Norton wote waliwahi kumshinda Muhammad Ali. Kwa hesabu yako, Ali angekwenda Kinshasa Oktoba 1974 kuzikwa na Foreman. Kilichotokea raundi ya nane mnakijua: aliyelala ni Foreman. Ngumi ni mitindo.

#5 Kocha_Tandika
Nimefundisha vijana ngumi za ridhaa zaidi ya miaka ishirini, niseme ninachokiona kwa macho yangu kila wiki.

Watu wanadhani bondia anapozeeka kinachoondoka kwanza ni nguvu. Si kweli. Nguvu ya ngumi hukaa hadi mwisho. Kinachoondoka kwanza ni kisigino. Bondia kijana kisigino chake cha nyuma hakigusi sakafu, kiko juu kidogo kama mtu anayetaka kuondoka. Akifika miaka 35 au 36 kisigino kinaanza kukaa chini, mwanzo raundi ya sita, baadaye ya nne, baadaye tangu kengele ya kwanza. Akishakaa kwenye kisigino, jebu haina mguu nyuma yake. Inagusa tu, haisukumi.

Nina mtu pale jimu ana miaka 44, zamani alikuwa na jina hapa mjini. Mwezi uliopita nilimpandisha afanye sparingi (ngumi za mazoezi) na kijana wa 19 mwenye ngumi nzito kweli. Raundi mbili yule mzee alimchezea mtoto: glavu ya kushoto anaiegesha tu kwenye paji la uso, mtoto akitaka kurusha anakuta mkono uko machoni. Raundi ya tatu nikaangalia chini, nikaona viatu vya mzee vimekaa bapa. Nikahesabu moyoni. Hata nusu dakika haikupita, mtoto akaingia chini ya ule mkono akampiga ubavu, na mzee akapiga goti moja kimya kimya. Nikawatenganisha palepale.

Kwa hiyo swali langu kwa #1: Holmes wa 1985 kisigino chake kilikuwa wapi?

#6 Nyali_Kusini
Kocha, Mungu akuweke. Hii ndiyo mada ya watu wazima.

Mimi niko upande wa Holmes na nina sababu moja tu: uwezo wake wa kuinuka. Septemba 1979 Earnie Shavers, ambaye wengi waliopigana naye wanamtaja kuwa ndiye mwenye mkono mzito kuliko wote, alimpiga Holmes ngumi ya kulia raundi ya saba. Holmes alianguka chali kama gunia. Yule mtu aliinuka, akamaliza raundi, na raundi ya 11 akamsimamisha Shavers. Mwaka 1981 Renaldo Snipes naye akamwangusha raundi ya saba, akainuka tena, akammaliza tena raundi ya 11. Ndugu zangu, anayeinuka kwa Shavers hawezi kuogopa ngumi ya mtu yeyote.

#7 Mpenda_Hesabu
#6, alipoinuka kwa Shavers alikuwa na miaka 29. Kwa Snipes ameshatimiza 32. Unamkopesha Holmes wa 37 miguu ya Holmes wa 29.

#8 Nyali_Kusini
Simkopeshi kitu. Nasema moyo hauzeeki kwa kasi ya miguu.

#9 Jinja_Mtoni
Salaam kutoka Uganda. Hamuwezi kujadili bingwa mkongwe na kijana mwenye ngumi mwaka 1986 bila kumtaja mtu wetu, John Mugabi, "The Beast".

Tarehe 10 Machi 1986, Caesars Palace, Las Vegas, nje chini ya anga. Mugabi ana miaka 26, kapigana mara 25, kashinda zote 25, na zote kwa KO, yaani mpinzani hakumaliza pambano. Mbele yake Marvin Hagler, bingwa wa uzito wa kati tangu 1980, anakaribia miaka 32. Waganda wote tulijua usiku ule Hagler anakwisha. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, na alishona bendera kabisa ya kupeperusha asubuhi.

Hagler alimpeleka raundi 11. Mugabi alimpiga ngumi ambazo nadhani zingemlaza mtu mwingine yeyote wa uzito ule, Hagler akazila, akaendelea kupiga, hadi kijana wetu akakaa chini akahesabiwa hadi mwisho. Kijana aliyezoea kumaliza kazi mapema alifika raundi ambazo hakuwa anazijua. Ndiyo maana nakubaliana na #1. Mpeleke Tyson raundi ya 11 na mtu anayeijua raundi ya 11.

#10 Kibonge_wa_Mabibo
Bendera iliishia wapi?

#11 Jinja_Mtoni
Ilikaa kabatini. Baba alikataa kuifumua. Alisema mtu aliyefika raundi ya 11 na Hagler anastahili bendera.

#12 Mdau_Isiolo
@Jinja_Mtoni umesimulia nusu. Pambano lile ndilo lililommaliza Hagler. Sugar Ray Leonard alikuwa ukumbini akitazama, na amesimulia mwenyewe kwamba ni usiku ule alipoona sasa Hagler anapigika. Aprili 1987 akarudi akamshinda kwa pointi, majaji wakigawanyika. Hagler hakupigana tena.

Kwa hiyo bingwa mkongwe anaweza kumshinda kijana mwenye ngumi na bado akawa ameacha maisha yake ya ulingoni palepale. Ushindi wa Holmes dhidi ya Tyson nao ungekuwa na bei yake.

#13 BintiSalim
Hodi humu. Sioni dada mwingine lakini nakaa.

Nimeona mnazungumzia raundi bila kutaja jambo muhimu: raundi ngapi? Mikanda ya dunia hutolewa na vyama tofauti, kama WBC, WBA na IBF. WBC walipunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12 baada ya kifo cha Duk Koo Kim wa Korea Kusini, aliyepigana na Ray Mancini Novemba 1982. WBA wakafuata. IBF walibaki na 15 hadi 1988. Na mkanda aliokuwa nao Holmes 1985 ni wa IBF, aliuacha ule wa WBC mwishoni mwa 1983.

Kwa hiyo kwa masharti ya #1, Holmes akiwa bingwa wa IBF, pambano hili ni la raundi 15. Tyson katika maisha yake yote hajawahi kupigana raundi ya 13. Holmes alishakwenda 15 na Norton mwaka 1978, Berbick 1981, Carl Williams Mei 1985. Hapa ndipo ninapoiona nafasi ya mzee.

#14 Kamba_ya_Nne
Dada yangu, asante sana. Hili sikulifikiria kabisa na ndilo lililokuwa linakosekana.

#15 Mpenda_Hesabu
Hoja nzuri, nakiri. Lakini BintiSalim umemtaja Carl Williams bila kusema kilichotokea. Mei 1985 Williams alikuwa na mapambano 16 tu ya kulipwa, na alimtandika Holmes kwa jebu. Ndiyo, JEBU, silaha ya Holmes mwenyewe. Jicho la Holmes lilivimba, na wengi waliotazama waliona kijana kashinda, ingawa majaji walimpa bingwa. Hiyo ni miezi minne kabla ya Spinks. Huyo ndiye Holmes "aliye moto" wa #1?

Halafu Williams huyohuyo, Julai 1989, Tyson alimmaliza ndani ya raundi ya kwanza.

#16 Kibonge_wa_Mabibo
Hapa #1 atuambie tena habari za mitindo.

#17 Kocha_Tandika
Ngoja nimsaidie kwenye mitindo basi, maana #15 kagusa penyewe.

Williams alikuwa mrefu, mkono mrefu. Alimsumbua Holmes kwa sababu Holmes alizoea kuwa yeye ndiye mrefu. Tyson ana sentimita 178 hivi, Holmes 191. Mikono, Holmes anamzidi zaidi ya sentimita 20. Tyson hawezi kumpiga Holmes kwa jebu, lazima aingie ndani. Na Tyson aliingiaje? Alifundishwa na Cus D'Amato, baadaye Kevin Rooney: glavu zote mbili shavuni, kichwa kinatembea kushoto kulia kama pendulamu, anasubiri jebu yako, anaipitisha juu ya bega, tayari yuko kifuani kwako. Yaani mtindo ule ulitengenezwa kwa ajili ya kula jebu za watu warefu. Kadiri unavyorusha jebu ndivyo unavyompa mlango.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, jebu iwe ya nguvu na ifuatiwe na ngumi ya kulia hapohapo. Buster Douglas alifanya hivyo Tokyo, Februari 1990, Tyson akalala raundi ya kumi. Pili, akishaingia umkumbatie. James Tillis na Mitch Green, wote Mei 1986, walifika naye raundi kumi kwa kumsumbua na kumfunga mikono. Bonecrusher Smith Machi 1987 alimkumbatia raundi 12 nzima, pambano lilikuwa la kuchosha lakini alimaliza amesimama.

Holmes alikuwa na vyote viwili, jebu na kulia. Na kumfunga mtu mikono alijua kuliko Smith. Smith mwenyewe alishapigwa na Holmes Novemba 1984, raundi ya 12.

#18 Mdau_Isiolo
Kocha kwa hiyo unampa nani?

#19 Kocha_Tandika
Nampa yule ambaye kisigino chake kiko juu raundi ya sita.

#20 Nesi_wa_Zamu
Mimi kila wiki nahudumia watu waliopigwa kichwani, ajali na ugomvi, na huwa nasoma nyuzi hizi bila kuandika. Leo niandike.

Oktoba 1980 Holmes ndiye alikuwa kijana, na mzee alikuwa Muhammad Ali, miaka 38. Watu walimwona Ali kapungua, tumbo limekwisha, nywele nyeusi, wakasema karudi. Alikuwa ametumia dawa za tezi ya shingo, na mwili uliopungua kwa dawa hizo hauna nguvu wala uwezo wa kujipoza. Ali wa usiku ule hakuweza hata kutoa jasho vizuri. Angelo Dundee alisimamisha baada ya raundi ya kumi. Holmes alilia baadaye. Alikuwa amefanya kazi kwa Ali kama mtu wa sparingi, akamtandika bosi wake wa zamani huku akimwangalia refa asimamishe.

Mnapowaza pambano la mzee na kijana mwazeni na huyo. Ubongo wa mtu wa miaka 37 umeshapokea vipigo vya miaka yote, hata vile vya mazoezini ambavyo hakuna aliyevihesabu. Ndugu zetu wa Kenya wanamkumbuka Robert Wangila, dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988. Julai 1994 alifariki Las Vegas baada ya pambano, na hakuwa mzee, alikuwa hajafika miaka 30.

#21 Mdau_Isiolo
Wangila. Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya ndondi Olimpiki. Asante kwa kumtaja dada/kaka.

#22 Fundi_Glavu
#20 umenigusa. Kaka yangu alipigana ngumi za kulipwa. Akiwa na miaka 41, promota mmoja alimpigia simu kwamba bondia kaumia, nafasi ipo, pambano ni siku kumi zijazo, mpinzani kijana wa 22. Kaka alikuwa hajafanya mazoezi miezi minane. Alikuwa na ada ya shule ya mtoto. Akaenda.

Mimi ndiye nilimfunga bandeji mikononi usiku ule. Nilipomaliza mkono wa kushoto aliniambia, "Kaza, kaza zaidi," nikakaza, akasema bado imelegea. Haikuwa imelegea. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi na hakutaka kuniambia. Raundi ya pili ilikwisha kila kitu. Yuko mzima, anafuga kuku sasa, lakini ukimwita kutoka upande wa kushoto hageuki.

Holmes wa 1988 alikuwa na miezi 21 ya kukaa nyumbani. Nikimwona anaanguka namwona kaka. Kwa hiyo kwangu ile haihesabiwi kwenye ubora wa mtu yeyote, si Tyson wala Holmes.

#23 Nyali_Kusini
Pole sana ndugu yangu. Mfikishie salamu.

#24 Kijana_wa_Chang'ombe
Shikamooni wakubwa. Mimi nimezaliwa 2003, Holmes nimemjua kupitia uzi huu. Lakini mbona wazee wengi tu wameshinda? Foreman Novemba 1994 alimlaza Michael Moorer raundi ya kumi, yeye ana 45, Moorer 26. Bernard Hopkins akiwa na 43 alimfundisha shule Kelly Pavlik mwaka 2008, na Pavlik ndiye alikuwa na ngumi ya kuogopwa. Hopkins akashinda mikanda hadi miaka 49.

#25 Mpenda_Hesabu
Marahaba. Umefanya utafiti, hongera. Sasa malizia hadithi: Hopkins akiwa na 51, Desemba 2016, Joe Smith Jr. alimpiga hadi akatoka nje ya kamba, raundi ya nane. Joe Louis akiwa na 37 alipigwa na Marciano Oktoba 1951, raundi ya nane pia. Klitschko akiwa na 41 alimwangusha Anthony Joshua pale Wembley 2017, tukadhani kazi imekwisha, akapigwa raundi ya 11. Na Tyson mwenyewe Novemba 2024, miaka 58, mbele ya kijana Jake Paul, sote tuliona alivyopoteza.

#26 Kijana_wa_Chang'ombe
Lakini Foreman alishinda.

#27 BintiSalim
Kijana yuko sahihi, na nimwongezee silaha. Holmes mwenyewe Februari 1992, akiwa na miaka 42, alimshinda Ray Mercer kwa pointi. Mercer hakuwa amepoteza pambano hata moja, ana dhahabu ya Seoul, na ana ngumi ya kuua. Holmes alijiegemeza kwenye kona, akimwita Mercer aje, akimpiga kulia kila akija. Baadaye mwaka huohuo akaenda raundi 12 na Evander Holyfield, bingwa wa wakati huo.

Sasa niambieni: aliyemshinda Mercer akiwa na 42, na mazoezi ya kutosha mwilini, angekuwaje akiwa na 37?

#28 Mpenda_Hesabu
Mercer hakuwa Tyson. Mercer alisimama mbele yake. Tyson wa 1986 husimami ukamwona.

#29 Kibonge_wa_Mabibo
Mnasahau Tyson alikuwa na deni. Usiku wa Ali na Holmes alikuwa mtoto wa miaka 14 yuko na D'Amato, akaapa atamlipia Ali. Na 1988 pale Las Vegas Ali alipanda ulingoni kabla ya kengele, akamnong'oneza amchukulie Holmes. Tyson amesimulia mwenyewe. Mtu mwenye kisasi cha hivyo humzuii kwa jebu.

#30 Mdau_Isiolo
Atlantic City, si Las Vegas. Kisasi nakukubalia.

#31 Kamba_ya_Nne
Wakuu nimerudi. Baada ya maneno ya Kocha nimekaa nikaitazama tena raundi ya nne, safari hii sikuangalia glavu. Niliangalia viatu tu.

Raundi tatu za kwanza Holmes amekaa bapa, mkono umenyooshwa mbele, anamsukuma Tyson kichwani, anakumbatia. Kocha, ni kama ulivyosema. Lakini raundi ya nne inaanza na mtu mwingine kabisa. Anatoka kwenye kona yuko juu ya vidole, anazunguka, jebu inatoka, kisigino kiko juu. Kwa muda kidogo yule ni Holmes wa zamani na ukumbi unamshangilia.

Halafu ngumi ya kulia ikampata. Akainuka, akaanguka tena, akainuka. Mara ya tatu alitaka kurusha ngumi ya kutoka chini, mkono ukanasa kwenye kamba, na Tyson akamkuta hapo wazi. Saa ilisimama kwenye dakika 2 na sekunde 55. Zilibaki tano kengele ilie.

#32 Mpenda_Hesabu
Ina maana alipigwa wakati kisigino kiko juu. Hilo linaua hoja ya Kocha na yako kwa pamoja.

#33 Kocha_Tandika
Haliui. Mtu aliyekaa nje miezi 21 anaweza kukipandisha kisigino, tatizo ni kukirudisha juu akishapigwa. Holmes wa Shavers alipigwa, akainuka, na kisigino kikarudi juu naye. Hebu Kamba, angalia tena, safari hii tangu alipoinuka mara ya kwanza. Viatu vilikuwaje?

#34 Kamba_ya_Nne
Naangalia sasa hivi. Nakuja.